Siku tano Granada na Shangazi: makasri, birika na sahani ndogo

Tumerudi Mombasa siku kumi na nane zilizopita, na chokaa ya vichochoro vya Granada bado imeganda kwenye viatu vyangu. Kila usiku kabla ya kulala niliandika mistari michache kwenye daftari, halafu hapa nyumbani nikaketi na picha za simu nikazipanga kwa saa. Haya ndiyo yaliyotoka. Bei zote ni za Novemba 2023, wakati yuro moja ilikuwa inakaribia shilingi 165 za Kenya.

Kwanza sababu ya safari. Babu yangu, yaani baba yake Shangazi, alikuwa mwashi wa Lamu. Kazi aliyoipenda ni kukarabati nyumba za mawe za zamani, hasa zile safu za vidaka vya plasta ya chokaa zilizochongwa ukutani, mahali pa kuweka misahafu na sahani za Kichina. Penye karakana yake palibandikwa picha moja iliyokatwa kwenye kalenda: ukuta wa Alhambra, kasri la masultani wa Granada, Uhispania. Shangazi alikua akiiona picha ile. Amefundisha chuo cha Kurani Mji wa Kale, Mombasa, kwa miaka thelathini na minne, akastaafu, na zamu yake ya mchezo wa akina mama, ule wa kuchangiana pesa, ilipofika alinipigia simu akauliza neno moja tu: "Mwanangu, pasipoti yako ingali hai?"

Jumanne 14 na Jumatano 15 Novemba: njiani

Viza ya Schengen tuliiombea Nairobi wiki saba kabla. Ada ilikuwa yuro 80 kila mtu, juu yake malipo ya kituo cha maombi na nauli ya treni kwenda na kurudi. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau yuro 30,000, na hati ya bima ionyeshe hivyo waziwazi. Aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni alirudishwa kwa sababu ya yake kutotaja kiasi. Beba pia taarifa ya benki ya miezi kadhaa na hati ya mahali mtakapolala.

Ndege ya kwanza ilikwenda vizuri. Istanbul tukakaa. Ndege ya Málaga ilicheleweshwa mara tatu, saa mbili, kisha moja, kisha mbili tena, na kuponi ya chakula tuliyopewa ilitosha mkate mmoja na maji. Shangazi akatoa mahamri aliyoyafunga kwenye karatasi ya fedha tangu Mombasa. Mama mmoja wa Kimorocco aliyeketi mkabala nasi alikubali moja, akalinusa iliki yake, akauliza linaitwaje. Kiarabu cha Shangazi ni cha vitabuni na cha yule mama ni cha Tetouan, lakini waliongea mpaka tukaitwa kupanda.

Tulitua Málaga usiku, basi la moja kwa moja la kwenda Granada limeshaondoka. Nilikuwa natafuta hoteli kwenye simu, huku nikihesabu hasara ya chumba tulicholipia Granada, yule mama aliporudi kutusaka. Kumbe anaishi Granada, na mwanawe amekuja kumpokea kwa gari. "Mtakwenda nasi," alimwambia Shangazi, na hakungoja jibu. Kilomita mia na ishirini na kitu usiku, nje giza tupu, mle garini joto na mikono inapitisha njugu. Saa saba kasoro za usiku walitushusha mlangoni. Tulitaka kuchangia mafuta. Kijana alikataa kwa kuweka mkono kifuani.

Kwa atakayefika mchana: basi la kutoka uwanja wa ndege wa Málaga hadi Granada huchukua kama saa mbili na nauli tuliyokuwa tumepanga ni yuro 13 hivi. Ila ukikata tiketi mapema kwa ndege ya jioni, acha pengo kubwa. Zetu ziliungua.

Alhamisi 16 Novemba: Mji wa Komamanga

Chumba cha vitanda viwili karibu na Plaza Nueva, yuro 58 kwa usiku, ghorofa ya tatu bila lifti. Hilo la lifti sikuliuliza, na magoti ya Shangazi yalilipa. Ulizeni.

Granada kwa Kihispania maana yake ni komamanga. Ukishajua hivyo unaliona kila mahali: juu ya nguzo za chuma za pembeni mwa barabara, kwenye vibao vya majina ya mitaa, kwenye vyungu vya rangi ya buluu na kijani. Na Novemba ndio msimu wenyewe. Sokoni yalipangwa yamepasuka, mekundu, na Shangazi alinunua mawili kabla hatujanywa hata chai.

Chai ile tulikunywa Bib-Rambla, uwanja mpana wenye vibanda vya maua, pamoja na churros, unga uliokaangwa mrefu mrefu, unaochovya kwenye chokoleti nzito kama uji. Yuro 9 na nusu kwa wawili. Jina la uwanja ni Kiarabu kilichochakaa, Bab ar-Ramla, Lango la Mchanga. Inasemwa hapa ndipo Askofu Mkuu Cisneros, miaka michache baada ya mji kutekwa na wafalme wa Kikristo mwaka 1492, alipochomesha vitabu vya Kiarabu vilivyokusanywa majumbani. Vya tiba vikaachwa. Nilimsomea Shangazi habari hiyo kwenye simu. Akaweka churro yake chini. Baadaye akasema, "Vya tiba waliviacha. Walijua basi kwamba vina faida." Tukakaa kimya kidogo, njiwa wakipita miguuni.

Kutoka hapo kila kitu kiko jirani. Alcaicería, lililokuwa soko la hariri, liliungua mwaka 1843 na lililojengwa upya ni dogo, vichochoro vya maduka ya zawadi, pita tu. Lakini usipite Corral del Carbón bila kuingia. Ni nyumba ya wageni ya wafanyabiashara ya karne ya 14: lango refu la upinde, ua wa mraba, bomba la maji katikati, ghorofa mbili juu ya ghala za chini. Msafiri alifunga mnyama chini, akalala juu na bidhaa zake. Kiingilio bure. Na mkabala na kanisa walimozikwa Isabel na Fernando, wafalme walioupokea mji, ipo Madrasa ya Sultani Yusuf wa Kwanza, ya mwaka 1349. Sasa ni mali ya chuo kikuu. Nje utaona jengo la kizungu. Ndani kimebaki chumba cha sala na mihrabu yake. Shangazi alisimama mlangoni mwa chumba kile akasoma maandishi ya mihrabu kwa sauti ndogo, kama anavyopitia ubao wa mwanafunzi, na kijana aliyekuwa akituongoza akanyamaza ili asikie. Alipomaliza, kijana aliuliza kama ni Mwarabu. "Mimi Mswahili," Shangazi akajibu, "wa Lamu." Nikatafsiri. Kijana aliandika jina la Lamu kwenye kiganja chake.

Sasa sahani ndogo. Tapas, ndiyo sahani zenyewe za vitafunio, kwa sehemu nyingi za Uhispania hulipiwa. Granada ukiagiza kinywaji, chochote, sahani inakuja yenyewe bila malipo. Ukiagiza cha pili inakuja nyingine, na aghalabu bora kuliko ya kwanza. Huchagui, jiko ndilo huchagua. Si lazima kinywaji kiwe kileo. Tuliagiza mosto, maji ya zabibu yasiyochachuka, baridi, na kipande cha chungwa ndani, yuro 2 na nusu kwa bilauri. Soda na maji ya gesi nayo yalileta sahani kila tulipoingia.

Shida ni nguruwe, maana nyama yake iliyokaushwa inanyunyizwa juu ya kila kitu, hata maharage. Sahani ya kwanza ya maisha yetu Granada ilikuwa mbaazi kubwa za kijani zenye vipande vyekundu. Nilimwita mhudumu, nikamwambia kwa Kihispania changu cha simu kwamba hatuli nguruwe. Aliinyanyua haraka, akaomba radhi, akarudi na vipande vya biringanya vilivyokaangwa na kumiminiwa asali ya miwa, nyeusi, inayonukia kama sukari guru inapoyeyuka. Miwa ile hulimwa... ililimwa karne nyingi kwenye pwani ya mkoa huu, tangu zama za Waislamu.

"Berenjena," alisema mhudumu akionyesha sahani.

"Biringanya," alisema Shangazi.

Wakatazamana. Mhudumu akaigonga meza kwa kidole: "Mesa." "Meza," akajibu Shangazi. Ndipo mchezo ulipoanza. Azúcar, sukari. Limón, limau. Aceituna, zeituni. Azafrán, zafarani. Fulano, mtu usiyemtaja jina: fulani! Hata neno wanalolitanguliza wakiagana, hasta, ni lile lile hata tulilolitoa kwa Waarabu. Mengine yalifika pwani kwetu na majahazi ya Uarabuni, mengine Wareno waliyaacha, na hapa yalikuwa yamekaa meza moja. Mhudumu alituletea dagaa wabichi waliokaangwa kwa unga, boquerones, ambao hatukuagiza kinywaji kwa ajili yao. Jumla ya jioni nzima: vinywaji vinne, sahani tano, yuro 10.

Ushauri wangu: sema "sin cerdo", bila nguruwe, na "sin jamón", bila nyama yake iliyokaushwa, yote mawili, tena kabla ya sahani kutoka jikoni. Anayejali mafuta ya kukaangia aulize pia, kwani karai moja hutumika kwa vingi. Kwa nyama ya halali panda vichochoro vya Calderería, kwenye maduka ya chai ya Wamorocco. Na mkumbuke saa: chakula cha mchana ni kuanzia saa nane, cha usiku baada ya saa mbili na nusu. Ukishikwa na njaa saa kumi na moja jioni utakuta majiko mengi yamefungwa.

Ijumaa 17 Novemba: Albaicín

Basi dogo jekundu namba C31, yuro moja na nusu hivi, linapanda mtaa wa kale wa Albaicín kwa njia nyembamba hata wapita njia hujibanza ukutani. Sisi wa Mji wa Kale hatukushangaa. Kuta nyeupe, milango inayoficha ua, kona inayokatisha ghafla, maji yanayosikika nyuma ya ukuta usipoyaona. Nyumba zenye bustani iliyozungushiwa ukuta huitwa carmen, neno la Kiarabu la shamba la mizabibu.

Msikiti mkuu wa Granada uko juu kabisa, ulifunguliwa mwaka 2003, wa kwanza kujengwa mjini tangu mji kutekwa. Ni mdogo, mweupe, mnara wake wa mraba. Wakati wa Ijumaa mwadhini alipanda akaadhini kwa sauti yake mwenyewe, na mkabala, ng'ambo ya bonde la mto Darro, Alhambra yote imesimama nyekundu juu ya kilima, nyuma yake milima ya Sierra Nevada yenye theluji nyembamba vileleni. Shangazi aliweka mkono kinywani. Sikumpiga picha. Hotuba ilikuwa kwa Kiarabu na Kihispania, na baada ya sala wanawake walitupa tende na kutuuliza tumetoka wapi, mmoja Msenegali, mmoja Mhispania wa hapo hapo Granada.

Bustani ya msikiti iko wazi kwa wote, na mandhari yake ni ile ile ya uwanja wa San Nicolás ulio jirani, bila msongamano. Nendeni pale.

Tukishuka, goti la Shangazi lilikataa. Tuliketi kwenye ngazi ya mlango wa watu. Mzee mmoja alitoka, nikaruka kuomba radhi, akatuashiria tukae. Alirudi na kiti cha kamba, bilauri mbili za maji, na komamanga kutoka mti wa uani kwake, akalipasua kwa kisu cha mfukoni na kulipiga mgongo kwa mpini ili punje zidondoke kwenye bakuli. Hivyo hivyo Babu alivyokuwa akifanya. Hatukuwa na lugha ya pamoja hata kidogo, tukala punje zote. Kisha alimpigia simu mwenye teksi, na teksi ilipofika aliingiza kichwa dirishani akamwelekeza dereva tulikofikia. Yuro 7.

Jumamosi 18 Novemba: Alhambra

Tiketi hukatwa wiki kadhaa kabla, kwenye tovuti rasmi, kwa jina na namba ya pasipoti. Tulilipa yuro 19 na ushei kila mmoja. Ina saa maalumu ya kuingia makasri ya ukoo wa Nasri, masultani walioijenga Alhambra. Ukiikosa umeikosa, na ukitoka hurudi. Beba pasipoti yenyewe, inaangaliwa zaidi ya mara moja.

Saa yetu ilikuwa tano na nusu asubuhi. Nilifanya kosa hili, msilirudie: tulishuka basi la C30 penye lango kuu la juu, la bustani za Generalife, nikidhani makasri yako hapo. Kutoka pale hadi makasri ni robo saa ya mtu mwenye magoti mazima. Ukiwa na tiketi mkononi shuka kituo cha Lango la Haki, Puerta de la Justicia, lango la mwaka 1348 lenye mkono uliochongwa juu ya upinde wa nje na ufunguo juu ya upinde wa ndani. Shangazi alitembea bila kusema neno, fimbo yake ikihesabu mawe, na tulifika foleni inaingia.

Kwa nje Alhambra ni ngome ya udongo mwekundu, na jina lake ni hilo tu, al-Hamra, Nyekundu. Muhammad wa Kwanza alianza kuijenga mwaka 1238, wajukuu zake wakaongeza. Hakuna kinachokutayarisha kwa ndani.

Niseme nilichokiona kama mjukuu wa mwashi. Ukuta umegawanywa mara tatu. Chini vigae vya rangi vilivyokatwa kimoja kimoja na kuunganishwa kuwa nyota, usawa wa mtu aliyeketi. Katikati plasta iliyochongwa nyembamba kama kitambaa cha kofia: majani, fundo, na maandishi yanayopita ndani ya majani. Juu mbao. Plasta ile ilipakwa rangi zamani, nyekundu, buluu, dhahabu, na mabaki yake utayaona kwenye kina cha mchongo ukiinama. Kwetu Lamu chokaa hutoka kwenye matumbawe, kwao ni jasi, lakini kisu kinapita vile vile, kwa mteremko, ili kivuli kifanye kazi. Shangazi alinyoosha kidole bila kugusa akafuata mstari mmoja hewani. "Hapa fundi amechoka," alisema, "na hapa amepumzika akarudi."

Halafu alianza kusoma. Watu walipita wakipiga picha za ukuta, na kwake ukuta ulikuwa unasema. Neno linalorudiwa mara nyingi kuliko yote ni la ukoo wa Nasri: Wala ghaliba illa Allah, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Liko juu ya milango, kwenye mikanda, kwenye ngao, katika vyumba ambavyo wenyewe walitoka wameshindwa. Alilisoma kila alipolikuta, na sauti haikuchoka.

Ua wa Comares una bwawa refu la mita 34, maji yamejaa hadi ukingoni, na mnara wote umelala ndani yake kichwa chini. Kihispania bwawa kama hilo huitwa alberca. Nilipomsomea Shangazi kibao alicheka kwa furaha: "Al-birka! Birika!" Ndiyo, birika letu la msikitini, la kutawadhia, kabla neno halijahamia kwenye chombo cha chai.

Na mlangoni, kabla ya ukumbi wa wafalme, pande mbili za upinde, kuna vidaka. Viwili, vya marumaru, vyenye kimo cha kiuno, vilichongwa kwa ajili ya mitungi ya maji. Mashairi yanayovizunguka yanaufananisha mtungi na mtu aliyesimama kuswali. Shangazi alisimama mbele ya kile cha kulia muda mrefu, watu wakitupita kushoto na kulia. Alifungua mkoba, akatoa bahasha, na ndani ilikuwamo picha ya kalenda ya Babu, imekunjamana, ina tundu la msumari. Hakuwa ameniambia ameibeba. Aliishika usawa wa ukuta. Haikuwa picha ya hapo, tuliilinganisha, upinde wake ni mwingine. "Si hapa," alisema. "Tutapaona."

Ndani ni Ukumbi wa Mabalozi, mrefu hadi shingo inauma. Dari ni la mbao, zaidi ya vipande 8,000 vya mierezi vilivyopangwa kuwa nyota juu ya nyota, tabaka saba. Nilidhani ni pambo. Shangazi alitazama mkanda wa maandishi unaozunguka chini ya dari, midomo ikatikisika, kisha akasoma bila kuhitaji kutazama tena: Tabaraka lladhi biyadihi l-mulk. Ni Sura ya Ufalme, Tabaraka, ile ambayo kila mtoto wa chuo Mombasa huihifadhi aisome kabla ya kulala, na aya yake ya tatu inasema Mungu ameumba mbingu saba kwa matabaka. Dari na aya ni kitu kimoja. Mtoto mmoja mmoja aliyemfundisha sura hiyo kwa miaka thelathini na minne, nadhani aliwaona wote pale. Alilia. Mwanamke mmoja mlinzi wa ukumbi alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka kwenye kivuli cha dirisha, akasimama yeye.

Ua wa Simba uko baada ya hapo: nguzo nyembamba 124, simba kumi na wawili wa marumaru wamebeba bakuli, na ukingoni mwa bakuli shairi la Ibn Zamrak, waziri na mshairi wa Muhammad wa Tano. Maji hutoka, hukimbia kwenye mifereji minne hadi vyumbani. Ni hapa, kwenye Ukumbi wa Dada Wawili, chini ya kuba la plasta lililochongwa mapango mapango kama sega la nyuki, kwamba Shangazi alitoa bahasha tena. Upinde ule ule. Ufa ule ule mdogo wa kushoto, ama tuliamua ni ule ule. Nilimpiga picha ameishika picha. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote za safari.

Nje kidogo ya makasri hayo, mfalme Charles wa Tano aliamuru kasri lake la mtindo wa Kirumi, lilianzwa mwaka 1527 na Pedro Machuca: mraba kwa nje, ua wa duara kwa ndani, jiwe zito. Ni jengo zuri kwa hesabu zake, ila limesimama kifua mbele mbele ya jirani yake mpole, na mimi halikunigusa. Kilichonigusa ni jina. Mwana wa Charles ni Philip wa Pili, aliyetawala Uhispania na baadaye Ureno pia, na ni kwa amri ya huyo Philip kwamba Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Nyumba ya Shangazi iko dakika nne kutoka Ngome. Alizunguka ua ule wa duara mara moja, polepole. "Basi huyu ni baba wa yule," alisema, akatoka.

Bustani za Generalife tulizifanya nusu. Ngazi yenye maji yanayotiririka juu ya vishikio vyake tuliitazama kutoka chini. Bebeni maji na kitafunwa. Tulikaa muda wa saa sita.

Jioni Shangazi hakutaka kutoka. Nilimletea remojón, saladi ya machungwa na samaki wa chumvi na zeituni, akasema ni embe la pale Lighthouse, Mombasa, lililopata elimu ya juu, na akaimaliza.

Jumapili 19 Novemba

Siku fupi. Asubuhi Bañuelo, hamamu ya karne ya 11 au ya 12 kando ya mto Darro, yenye matundu ya nyota darini, na Dar al-Horra, nyumba ya malkia Aisha, mama wa Boabdil, sultani wa mwisho. Jumapili hatukulipa popote. Dar al-Horra karibu ilikuwa yetu peke yetu: ua, birika dogo, roshani ya juu inayotazama mji. Baada ya Alhambra wengi wanairuka. Kama una nafasi ya nyumba moja zaidi, iwe hiyo, kwa sababu ina kipimo cha watu wa kuishi. Unaona jiko lingekuwa wapi.

Alasiri tulimrudia mzee wa komamanga na boksi la halua ya Mombasa tuliyokuwa tumeibeba bila kujua ni ya nani. Mlango ulifunguliwa na binti yake. Mzee alikuwa amelala. Tuliiacha.

Jumatatu 20 Novemba

Basi la asubuhi hadi uwanja wa ndege, kwa wakati, mashamba ya mizeituni saa nzima. Istanbul hatukucheleweshwa.

Kwa anayepanga: bila ndege na viza, sisi wawili tulitumia yuro 512 kwa siku tano, na zaidi ya nusu ni chumba. Chakula kilikuwa kidogo kuliko nilivyoogopa, shukrani kwa zile sahani. Mwenye magoti mabovu asikate tamaa, ila apange kitu kimoja kwa siku na abebe fimbo, mawe ya Albaicín yanateleza yakilowa.

Jana Shangazi alipiga simu. Anataka picha ya kidaka cha mlangoni pa Comares, kile cha kulia, ikuzwe mpaka vipimo vyake vionekane. Fundi mmoja aliyejifunzia kazi kwa Babu anapanda basi kutoka Lamu Ijumaa, na ukuta wa sebuleni umeshakwanguliwa.